Mashine Ibaki Chanika

Kambini, Liwale
8 Juni 2024

Mama Najma,

Nimefika mzima, ila vumbi la njiani limenibadilisha rangi, ungeniona usingenijua. Huku tunajenga nyumba za kulala watalii, mbao tupu kuanzia sakafu mpaka paa, na mafundi tumetoka kila mkoa. Mtandao hakuna. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima, na ukifika juu unapata maneno matatu, inakata. Kwa hiyo tutaandikiana. Dereva wa lori la mbao ni mtu mwaminifu, barua zako atakuwa anaziacha duka la vifaa pale stendi.

Njia nzima nimeiwaza mashine. Ule msumeno wa meza tumeutafuta muda mrefu, mke wangu, halafu nimeitwa kazini boksi lenyewe sijalifungua. Naomba usiuguse. Nimeongea na mdogo wangu Badru, atatoka kwake Vingunguti aje aufunge hapo uani, kisha apasue mbao za vitanda vya yule mama wa hosteli. Wewe endelea na msasa na vanishi kama siku zote. Hakuna mtu anayepiga vanishi kama wewe, na hilo nimelisema hata mbele ya mafundi wa huku.

Kitu kile hakina huruma. Nimeona vidole vya watu. Sitaki mikono inayomwogesha Najma iyasogelee yale meno. Ndiyo maana nimekuwekea kwenye kifurushi hiki glovu za ngozi, nene, nimezichagua mwenyewe. Ukilazimika kusogea hata kwa kufagia tu, zivae.

Mbusu mwanangu kwenye lile shavu analopendaga kulipuliza.

Wako,
Khalfani


Chanika, 23 Juni 2024

Baba Najma,

Barua imefika, na nimefurahi kuliko ningesikia sauti yako. Kwenye simu wewe unasema "haya, haya" na hujasikia kitu. Karatasi itanisubiri nimalize.

Badru alikuja Jumapili iliyopita. Nilimpikia, akala, akashiba, akafungua boksi. Mashine akaiweka pale mchangani karibu na mlango wa jikoni, miguu miwili juu ya tofali, miwili chini. Nikamwambia, "Shemeji, mbona inacheza?" Akasema, "Itatulia ikianza kazi." Waya akaupitisha chini ya kamba ya nguo, juu ya beseni la maji ya Najma. Kisha akachukua spana, akaling'oa kava la diski ya meno na kile kichuma chembamba kinachosimama nyuma yake, akavitupa kwenye boksi. "Hivi vya wazungu, vinachelewesha. Fundi anataka aone meno." Na Najma wakati huo kashika mguu wa meza, anajifunzia kusimama.

Nikachomoa waya. Nikamwambia kwa heshima kabisa, "Shemeji, leo haiwaki." Akacheka, akadhani natania. Alipoona sitanii akavaa viatu vyake, akaondoka na hasira. Chai hakunywa.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, usiruke mstari.

Nilikitoa kile kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu mie ni cha kidato cha nne, tena cha kusukuma. Nikakipeleka kwa Mwalimu Eliaichi, jirani yetu mlango wa pili, shule zimefungwa yuko nyumbani. Yule mama wa Kimachame hana makuu. Akasema, "Nusaiba, mie nikueleweshe maneno, wewe unieleweshe hicho chuma." Tulikaa mkekani, Najma katikati yetu anakula maandazi, tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Akisoma sentensi, mie nakwenda uani kuitafuta kwenye mashine, narudi namwambia, "Nimeiona, endelea."

Nimeihamisha. Iko kwenye lile zege tulilomwaga kwa ajili ya tenki la maji, mbali na mlango, na nyuma yake kuna nafasi ya ubao mrefu kutoka bila kugonga ukuta. Miguu yote minne nimeikaza kwa boliti. Nilichukua chupa ya maji nusu nikailaza juu ya meza, povu la hewa likakimbilia upande wenye mgomba, nikachomeka kipande cha bati chini ya mguu mmoja, povu likatulia katikati. Kava limerudi. Kichuma cha nyuma kimerudi, na nimejua kazi yake: ubao ukishapasuliwa unataka kujifunga tena uibane diski, nacho kinauzuia. Kile chuma kirefu cha kuongozea ubao nimekipima mbele na nyuma ya diski mpaka vipimo vikalingana. Kikiwa kimekaa upande hata kidogo, ubao unabanwa na kurushwa. Swichi kuu iko ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni. Sikuufunga shingoni, maana kitu kinachoning'inia karibu na mashine ni balaa.

Ndiyo, Khalfani. Nimeiwasha.

Najma alikuwa kwa Mwalimu. Nilivua kanga, nikavaa suruali yako ile ya kijivu, mtandio nikauchomekea ndani, miwani machoni. Nilisimama pembeni ya mstari wa diski, nikasukuma ubao, na mwishoni nikamalizia kwa kijiti, mkono wangu uko mbali. Ubao uliingia mmoja ukatoka mapande mawili, kingo zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nikazima, nikasubiri diski isimame yenyewe, ndipo nikazigusa. Nilizipitishia kidole mara nyingi. Wewe ulinifundisha kuujua ubao kwa kiganja, uso wake na mgongo wake, na siku ile nilikukumbuka sana. Nikajua kwa nini ulikuwa unakaa kimya mbele ya mbao nzuri.

Glovu ni nzuri, asante. Sitazivaa kwenye mashine. Jino likiikamata ngozi halitaikata tu, litaivuta, na glovu itauvuta mkono wote. Kitabu kimesema hivyo na akili yangu imekubali.

Naomba neno moja tu kwako: mashine ibaki hapa, na niiendeshe mie.

Mkeo,
Nusaiba


Kambini, Liwale
4 Julai 2024

Mama Najma,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Juzi nilipanda kilima nikampata Badru. Anasema ulimfukuza kama mwizi, mbele ya majirani, sahani yake haijakauka. Badru ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ameshika msumeno tangu hajaota ndevu. Leo mke wangu amesoma kitabu kwa mwalimu wa shule, basi fundi hajui kitu?

Na glovu. Nilidhani nimekutumia kitu cha mapenzi. Badru amepita hapo mtaani amezikuta kwenye mikono ya yule mzee anayevunja kokoto kule barabarani. Kama hukuzitaka ungeniambia nizirudishe, kuliko kuzigawa kama makombo. Watu wa huku wameniuliza, "Mkeo kazipokeaje?" Nimewaambia umezipenda.

Sikukatazi kufanya kazi, unanijua. Lakini siwezi kulala huku nikijua mama wa mtoto wangu yuko peke yake na ile mashine, na wa kumkimbilia ni mwalimu wa Kiingereza. Nimeamua. Jumamosi tarehe kumi na tatu Badru atakuja na kirikuu, aipakie aipeleke Vingunguti, kwenye yadi yenye wanaume wanaoijua. Vitanda vitapasuliwa huko, wewe utaletewa uvipige vanishi. Usibishane naye. Mpe ufunguo.

Khalfani


Chanika, 14 Julai 2024

Baba Najma,

Umeandika jina lako tu chini, hukuandika "wako". Nimeliona hilo.

Nianze na glovu, maana ndizo zimekuuma. Yule mzee wa kokoto viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge mpaka anashika nyundo kwa kitambaa. Nilimwambia, "Hizi katuma mume wangu." Kila nikipita ananiamkia, "Mwambie mumeo Mungu amuweke." Basi nakuwekea salamu zake hapa. Mapenzi yako yako mikononi mwa mtu anayeyahitaji, na mie bado nina vidole vyangu vyote vya kukuandikia.

Jumamosi Badru kaja. Kirikuu kimesimama nje kinapiga honi, na dereva kaleta kamba. Sikubishana, kama ulivyosema. Nilimpa uji kwanza. Kisha nikamwambia, "Shemeji, mashine ni ya kaka yako, chukua. Ila kabla hujaifungua boliti, pasua ubao mmoja hapa, mie nikuone. Ukiupasua salama nitakusaidia kubeba."

Akamwangalia dereva, wakacheka. "Shemeji anataka kunipa mtihani! Haya mwalimu, nikifeli utanichapa?"

Nikasema, "Kava halitoki. Na hapo uliposimama usisimame. Simama pembeni, la sivyo kisanduku sikifungui."

"Pembeni wapi? Hapa? Au niende kabisa Kisarawe?"

"Hapo panatosha."

Akasogea kwa dharau, hatua moja, kama unavyomridhisha mtoto. Nikafungua kisanduku.

Ubao wake alikuja nao mwenyewe kwenye kirikuu, mbichi, umejipinda kama upinde. Mashine ikashika kasi. Nilikuwa naitazama mikono yake, ndipo nikaona ubao hajauegemeza kwenye chuma cha kuongozea. Anausukuma hivi hivi, kwa macho, mkono unaelea. Nilifungua mdomo nimwambie na sauti haikuwahi kutoka.

Khalfani, sikuuona ubao ukienda. Nilisikia mlio, kisha nikaona tundu kwenye bati la banda la kuku, na ubao umesimama humo unatetemeka. Umepita pale pale alipokuwa amesimama mwanzo, usawa wa tumbo. Nikapiga swichi nyekundu ya kuzimia kwa kiganja. Kuku walikuwa wanapiga kelele na dereva kalala kifudifudi chini ya kirikuu chake mwenyewe.

Badru alijishika tumbo, akajipapasa kama anatafuta simu. Akakaa juu ya ndoo. Nikamletea maji, glasi ikawa inagonga meno yake. Alipomaliza kunywa akaniuliza, "Shemeji, ulijua?"

"Sikujua kama utaruka. Nilijua unaweza kuruka, na ukiruka unarudi kwa njia hiyo."

"Na mie nimesimamaga hapo miaka yote."

Sikumcheka. Kwa nini nimcheke? Badru anajua mbao kuliko mie. Akigonga ubao kwa kidole anakwambia umekatwa lini. Misumeno ya mkono na randa vimemlea, na ni fundi mzuri, mkono wake naupenda. Ila ubao mbichi uliojipinda hauzoeleki, na mashine haijali umeanza lini kazi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Alipotoka dereva akamuuliza, "Mzigo uko wapi sasa?" Akajibu, "Mzigo umenikataa. Washa gari."

Wakati wao wapo nilikuwa imara. Walipoondoka nikaenda kuosha vyombo, sahani ya maua ikaniponyoka ikavunjika. Nililia kidogo. Najma akaja akanipapasa goti, kaniambia "pole" kwa ile lugha yake. Nakwambia haya ili usidhani mkeo amekuwa chuma. Naiogopa ile mashine. Kila nikiiwasha naiogopa, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Sasa hukumu iko kwako. Usinitumie maneno kwa Badru, wala kwa dereva. Niandikie mwenyewe: ibaki au iondoke. Ukisema iondoke nitaifungua boliti kwa mkono wangu, maana wewe ni mume wangu na ni jasho lako. Lakini nitakuwa sikubaliani na wewe, na nitakwambia hivyo kila siku mpaka tuzeeke.

Wako (mie naliandika),
Nusaiba


Kambini, Liwale
27 Julai 2024

Nusaiba wangu, mke wangu, wako ni mimi,

Nianzie wapi?

Barua yako ya kwanza, ile ya kitabu na chupa ya maji, nilikuwa nimeitia mfukoni nikaisahau. Jioni moja mafundi tumekaa tunakula, mmoja akaanza kuwasema wanawake wa mjini. Nami nikaona nichangamshe baraza, nikaitoa nikaisoma kwa sauti, na kwa kejeli, sikufichi. Nikafika penye glovu: "litaivuta, na glovu itauvuta mkono wote." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Sasa mkeo anawafundisha hadi mafundi wa Liwale!"

Gregori hakucheka. Huyu ni jamaa wa Songea, mpole, tunalala naye hema moja na kila siku namuona akila kwa mkono wa kulia, wa kushoto mfukoni. Sikuwahi kumuuliza, si adabu. Akautoa ule mkono, akauweka mezani kwenye mwanga wa taa. Kidole gumba na cha shahada tu ndivyo vilivyobaki. Akasema, "Glovu ilikuwa mpya. Soma tena hapo, taratibu."

Nikasoma tena, taratibu.

Akaniuliza, "Amejifunza kwa nani?" Nikasema kwa kitabu na jirani. Akasema, "Mie nilijifunza kwa bingwa. Huyo dada angekuwa bingwa wangu mie, leo ningekuwa napiga gitaa kanisani." Kisha akanigeukia, "Na wewe ndiye umemwandikia mashine iondoke?" Barua yangu ya hasira ilikuwa imeshaondoka na lori, mke wangu. Ningeweza kulikimbilia ningelikimbilia.

Halafu ikaja hii yako ya tundu kwenye bati. Nimeisoma peke yangu, kilimani, sikutaka mtu aone uso wangu. Nimempigia Badru. Nilitegemea alalamike. Akasema, "Kaka, ningekuwa marehemu na shati jipya." Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kwake: "Muulize shemeji kama naweza kuja kujifunza, ila asimwambie mtu wa Vingunguti."

Mashine ibaki. Iendeshe wewe. Nimeandika kwa mkono wangu, kama ulivyotaka.

Wewe ni mtu wa namna gani? Nimekuacha na mtoto mdogo, ndoo, jiko la mkaa na boksi, nikadhani nimekuachia mizigo. Kumbe boksi ndilo lilipata mwenyewe. Namwambia kila anayenisikiliza. Na bosi amesikia! Anataka stuli za baa ya hoteli hii tunayoijenga, arobaini, za mninga, na anataka mtu wa kuaminika. Nimemwambia mke wangu anazo mwisho wa Agosti. Amekubali, tumepeana mikono. Mbao zinakuja na lori hili hili linalokuletea barua. Kesha kidogo, mke wangu, uwaonyeshe. Najua utaweza, sasa najua hakuna unaloshindwa.

Wako, wako, wako,
Khalfani


Chanika, 8 Agosti 2024

Baba Najma, mume wangu,

Mbao zimefika. Ni mninga mzuri sana, mwekundu ndani kama nyama ya figo, nimezipanga chini ya bati na vijiti katikati ili hewa ipite. Badru amenisaidia kuzipanga. Yuko hapa siku mbili kwa juma, ananifundisha kuzichagua, nami namfundisha kusimama. Anabishana nami kila kitu na anafanya kila kitu. Mwalimu Eliaichi anatuletea chai anauliza, "Wanafunzi hawajambo?"

Maneno yako nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Sikujua kama yapo ndani yako. Mwambie Gregori namwombea, na kwamba Badru nimemsomea habari yake neno kwa neno, hakucheka hata kidogo.

Sasa sikiliza, na usiseme "haya, haya".

Mwisho wa Agosti, hapana.

Ulipokuwa huniamini uliniogopea. Sasa umeniamini umeacha kuniogopea, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Eti "kesha kidogo". Khalfani, Najma anaota meno manne kwa mpigo. Majuzi usiku hakulala, wala mie sikulala. Asubuhi nilivaa suruali yako, nikafungua kisanduku, nikaweka ubao wa kwanza juu ya meza. Nikajikuta nautazama tu ubao na sikumbuki nilitaka kuupasua kwa upana gani. Nilikuwa nimeshakitamka hicho kipimo dakika hiyo hiyo. Badru akasema, "Shemeji, weka basi, jua linapanda." Nikaurudisha ubao. Nikafunga kisanduku. Akasema, "Na stuli za bosi?" Nikamwambia, "Stuli hazina damu. Zitasubiri."

Mama wa hosteli alipitia siku hiyo kuulizia kitanda cha mwisho, akakuta mashine kimya na mie nimekaa. Akanisema, "Fundi gani analala saa nne asubuhi?" Nikamjibu, "Fundi atakayekutengenezea na cha mwakani, mama." Akakunja uso, akacheka, akaondoka bila kitanda. Alikifuata baada ya siku mbili, akakipapasa, akaagiza na kabati.

Kwa hiyo mwambie bosi hivi. Stuli nitazifanya zote na atazipenda. Zitakuja kumi kumi, kila lori na kumi zake, mpaka zitimie. Siku ambayo mtoto hakulala, mashine hailii Chanika. Siku nikiwa na homa, haiwaki. Siku nimegombana na mtu, pamoja na wewe, haiwaki. Kama masharti hayo hayawezi, mbao zake ziko salama, azifuate. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie yote, usipunguze.

Na wewe, ukiona mwenzio huko kambini macho mekundu kashika msumeno, mwondoe. Akikutukana, mwache akutukane.

Umeniuliza mie ni mtu wa namna gani. Mtu aliyechoka, mume wangu. Nakupenda, naipenda kazi hii kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote, na nimechoka. Siku ile baada ya kufunga kisanduku nilimwambia Badru arudi kwake, nikajilaza mkekani na Najma kifuani. Tulilala mpaka adhana ya alasiri, jua limetupitia miguuni, hakuna aliyetuamsha. Nilipofumbua macho alikuwa amekishika kidole changu kimoja, amekitia mdomoni, anakitafuna kwa yale meno yake mapya. Kinauma kweli. Nikamwachia.

Mkeo,
Nusaiba